Maswali yenu ya ujenzi: "Fundi anadai nyongeza, nimlipe?"

Maswali ya safari hii, ya Tabora mjini na wilaya za jirani, karibu yote ni ya bei. Nimeanza na lenye mzozo mkubwa.

Shikamoo. Makadirio ya fundi yalikuwa na bati la geji 30. Nimebadili, nataka geji 28, nene zaidi. Ananidai laki nane zaidi, wakati dukani tofauti haifiki laki nne. Ananiibia? (Msomaji, Ipuli)

Marahaba. Usimwite mwizi kabla hamjakaa na kalamu. Tuseme paa lako linakula mabati 60, la geji 30 ni shilingi 25,000 na la geji 28 ni 31,000. Bei hizi ni za mfano tu. Tofauti ni 6,000 kwa bati, jumla 360,000. Usafiri haubadiliki, lori ni lile lile. Kupigilia mabati 60 ni kupigilia mabati 60, hayawi mia kwa sababu ni mazito kidogo. Sasa hiyo laki nane imetoka wapi?

Mara nyingi inatoka hapa: fundi anakuchaji bei ya kitu kipya bila kukutolea ya kile cha zamani kilichokuwa kwenye makadirio. Au anakutolea nusu. Muulize swali moja, kwa upole: "Yale mabati ya geji 30, ulishayanunua?" Kama alishayanunua na duka halirudishi, hiyo ni hasara ya kweli na imesababishwa na wewe uliyebadili. Kama hajanunua, alipe mwenye nyumba tofauti ya bei, na juu yake kitu cha fundi kwa usumbufu. Mimi naona asilimia 10 ya tofauti inatosha. Hapo unazungumzia laki nne, si nane.

Kuanzia leo, kila mabadiliko yaandikwe kwenye karatasi kabla ya kazi: kinachotoka na bei yake, kinachoingia na bei yake, kazi iliyoongezeka. Msaini wote wawili.

Na ukifika dukani kumbuka namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Ulizia unene kwa milimita, na uulize upana unaofunika, si upana wa bati lenyewe, kwa sababu mabati hulaliana. Bati la bei chee lenye upana mdogo linaweza kukudai mengine sita au saba kabla paa halijaisha.

Nimegundua fundi wangu anaweka cha juu kwenye kila kitu anachoninunulia. Nimfukuze? (Mama wa Isevya)

Mama, cha juu kipo kwa kila anayenunua kwa niaba ya mwingine. Anatumia muda, nauli, simu, wakati mwingine hata fedha yake ya mfukoni. Ubaya ni kukificha, maana kikifichwa fundi atachagua duka linalompa yeye zaidi, na huko ndiko zinakotoka saruji zilizoganda na koki zinazovuja. Mpangieni malipo ya kununua yanayojulikana, kisha risiti zote zije kwako, za mashine ya EFD. Bei aliyokutajia ikiwa haina VAT ya asilimia 18, ijulikane mapema. Wengi hugombana na fundi kwa fedha iliyokwenda serikalini.

Nondo ya milimita 12 duka hili ni rahisi kuliko la jirani, na zinaonekana sawa kabisa. (Nzega)

Omba mizani. Nondo ya milimita 12 iliyo kamili, urefu wa mita 12, inakaribia kilo 10.7. Ukipima ukakuta kilo 9, umeshika nondo ya milimita 11 iliyopewa jina la 12, na chuma kimepungua kwa karibu asilimia 15. Gawa bei kwa kilo ndipo ulinganishe maduka. Pitisha na tepu, kwani zipo zisizofika mita 12. Kwenye linta na nguzo sitanii na hili: afadhali upunguze urembo wa geti.

Nataka kutoka marumaru za 40 kwa 40 niende 60 kwa 60. Duka linasema sebule yangu ya mita 4 kwa 5 inahitaji boksi 14. (Cheyo)

Boksi la marumaru nne za 60 kwa 60 linafunika mita za mraba 1.44. Sebule yako ni 20, kwa hiyo 14 ni hesabu isiyo na kipande kinachokatwa wala kinachovunjika. Ongeza asilimia 10, nunua 16, zote za toleo moja, maana rangi hutofautiana toleo kwa toleo. Kisha muulize fundi kama sakafu iko levo. Marumaru kubwa haivumilii mabonde, na kusawazisha ndiko gharama ambayo duka halikutajii.

Nimepata mbao za mninga kutoka Kaliua kwa nusu bei, za milango. Nichukue?

Zina kibali cha kuvunia na hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu wa serikali? Kama hazina, zikikamatwa njiani umepoteza bei nzima. Kama zinazo, angalia ukavu: mbao mbichi itapinda mlango ukishafungwa. Inachekesha kwamba mninga ni wetu wa hapa hapa, ilhali paini nyingi za kenchi zinatoka Mafinga.

Saruji itapanda. Ninunue mifuko 100 sasa, nijenge baada ya mvua? (Urambo)

Hapana. Saruji ikikaa zaidi ya miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu, na kwa unyevu wa masika inaganda mapema zaidi. Ukitaka kushikilia bei, lipia na mifuko ibaki kwa mwenye duka unayemwamini. Risiti iandike "mifuko 100", pamoja na daraja lake la nguvu, 32.5 au 42.5. Ikiandika shilingi peke yake, siku ya kuchukua utahesabiwa bei ya siku hiyo.