"Muuguzi ataandika jina langu, korti ya nini?"

SWALI: Wakili, mimi na mume wangu tumekaa miaka tisa bila mtoto na tumekubaliana kuasili, yaani kuchukua mtoto wa mwingine awe wetu kisheria. Kuna mama hapa Nakuru ametupatia msichana mjamzito asiye na uwezo wa kulea. Anasema msichana akijifungua, muuguzi anayemjua ataandika jina langu kwenye karatasi ya hospitali, na cheti cha kuzaliwa kitatoka kwa jina letu. Tutawapa "shukrani" kidogo. Kwa njia hiyo tutaepuka safari za korti, na mama mkwe hatajua. Je, tunaweza kuhalalisha baadaye?

JIBU: Dada, hapana. Korti inayosikiliza ombi la kuasili huanza kwa kuuliza mama mzazi ni nani na aliridhia lini. Cheti chako kitasema mama mzazi ni wewe. Utaiambia korti nini?

Wengi wanaamini kwamba cheti cha kuzaliwa ndicho kinachomfanya mtoto awe wako. Hilo huniudhi kuliko yote, kwa sababu madalali wa watoto wanakula kwa imani hiyo. Cheti hurekodi nani alimzaa nani, basi. Kikirekodi uongo, uongo huo unakaa humo ukingoja mtu wa kuupinga, na mara nyingi mtu huyo si serikali, ni shemeji. Mume amefariki, kuna shamba la kugawa, mmoja anasimama na kusema, "Huyu si damu yetu, apimwe DNA." Ni kweli Sheria ya Urithi ya Kenya haimtupi mtoto ambaye marehemu alimkubali kuwa wake. Lakini ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha hayo kortini, matanga hayajaisha, huku akisikia kwa mara ya kwanza jinsi alivyopatikana.

Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya korti hapitii hayo. Sheria inamhesabu kama aliyezaliwa ndani ya ndoa yenu. Ameandikwa kwenye daftari la watoto walioasiliwa, ana cheti chake, na kipimo cha DNA hakimpunguzii chochote.

Hizo hatua mnazotaka kuziruka zina sababu. Mtoto lazima afikishe angalau wiki sita kabla ya kuasiliwa, ili mama mzazi asiamue akiwa bado na uchungu wa uzazi na hofu ya wazazi wake. Shirika la kuasili lililosajiliwa linathibitisha kwamba mtoto yuko huru kuasiliwa. Kisha mnakaa naye miezi mitatu mfululizo kabla ya kupeleka ombi, na korti inateua mtu wa kuangalia maslahi ya mtoto peke yake, si yenu. Ndiyo, inachosha. Sitakudanganya kwamba ni haraka.

Hiyo "shukrani" nayo ina jina lake. Sheria hairuhusu mtu kulipwa ili atoe mtoto aasiliwe. Mkiongeza cheti cha kughushi, mnaweza kushtakiwa kwa ulanguzi wa binadamu. Sheria ya mwaka 2010 inataja kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na mnajuaje kama msichana huyo yupo kweli? Mwaka 2020 uchunguzi wa BBC ulionyesha watoto wakiuzwa Nairobi, wakiwemo walioibwa kwa mama zao mitaani. Mnunuzi anaweza kuambiwa tu kuna msichana asiyeweza kulea.

Kuhusu mama mkwe, nakuelewa. Zamani wanawake waliotaka kuasili walifunga mito tumboni na kuhama mtaa. Leo naona wanandoa wanaokuja na wazazi wao kusikiliza amri ikisomwa, na wanawake wasioolewa wanaoasili bila kumficha mtu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua hata kafala kwa Waislamu, ambapo mtoto analelewa bila kubadilishiwa nasaba, na anaweza kuusiwa ndani ya ile theluthi ya mali ambayo Uislamu unaruhusu mtu kuiusia. Wasio tayari kuasili wanaweza kuomba malezi ya muda. Serikali yenyewe ina mpango wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao ya watoto na kuwarudisha kwenye familia. Familia kama yenu zinatafutwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuingilia dirishani.

Achana na mama huyo leo, na usimtumie hata nauli. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, umweleze pia habari za msichana, kwa sababu kama yupo, yuko mikononi mwa watu wanaompangia bei. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure.

Na wengine mnaosoma, mkiambiwa na yeyote, hata akiwa amevaa koti jeupe, hata akiwa wakili mwenzangu, kwamba mtoto anapatikana wiki hii bila shirika wala korti, ondokeni hapo kabla hajataja kiasi. Akiwa amekwisha kutaja, andikeni jina lake na namba yake ya simu, mpeleke polisi.