Mpini wa Rivolva: Maswali Sita ya Wasomaji

Mimi ni mwanamke mwenye viganja vidogo, ninaishi Texas. Rivolva yangu ya Smith & Wesson ina mpini mnene wa raba, ambao muuzaji alinihakikishia kuwa ndio wenye starehe, lakini kila nikimaliza mazoezi fundo la gumba linaniuma. Nibadilishe nini?

Dada, muuzaji alitazama ulaini wa mpini bila kuutazama mkono wako. Toa risasi zote, kagua kila tundu la silinda kwa macho na kwa kidole, kisha ishike rivolva ukiwa umepandisha kiganja juu kadiri mgongo wa mpini unavyoruhusu, mtutu ukiwa umenyooka sambamba na mfupa wa mkono. Katika hali hiyo kidole cha shahada kinapaswa kukifikia kifyatulio kwa nyama ya ncha yake, au kwa pingili ya kwanza ikiwa kifyatulio ni kizito, bila kuulazimisha mkono kuzunguka upande. Ukiuzungusha ili kidole kifike, msukumo wa risasi hauingii tena katikati ya kiganja bali unaligonga fundo la gumba, na nadhani ndiyo sababu ya maumivu yako.

Mipini mingi ya raba hufunika mgongo wa chuma, yaani ukingo wa nyuma wa rivolva unaokaa kwenye kiganja. Unene huo hupunguza makali ya mshtuko, lakini papo hapo husogeza kiganja mbali na kifyatulio, na kwa mkono mdogo milimita chache ni nyingi. Tafuta mpini unaouacha mgongo wa chuma wazi, hata kama ni wa raba. Kama baadaye utaona kidole cha kati kinagongwa na kikingio cha kifyatulio, usirudi kwenye mpini mnene. Kuna kijazio kidogo cha chuma, maarufu kwa jina la Tyler T-Grip, kinachoziba nafasi iliyo nyuma ya kikingio bila kuongeza chochote mgongoni. Kinaonekana cha kizee, nami nakipenda kuliko vingi vya kisasa.

Niliagiza mpini wa “Smith & Wesson ya 38”, ukakataa kuingia. Je, nimetapeliwa?

Huenda hukutapeliwa. Mpini haufuati ukubwa wa risasi, ambao ndio hiyo 38, bali ukubwa wa fremu, yaani kiunzi cha chuma cha rivolva. Kampuni hiyo imetengeneza rivolva za 38 kwa fremu ndogo ya J, iliyoanza mwaka 1950, na kwa fremu ya K, ambayo asili yake ni mwaka 1899, na mipini yao haibadilishani. Fremu ya K na ile ya L, iliyo kubwa kidogo, hutumia mipini ya vipimo vilevile, ila ni lazima pia ujue kama kitako, yaani sehemu ya chini kabisa ya mpini, ni cha mviringo au cha mraba, kwa kuwa aina zote mbili zimewahi kuuzwa. Wenye rivolva ya Ruger GP100, iliyotoka mwaka 1985, wana nafuu: chini ya fremu yake kuna kipande chembamba cha chuma tu badala ya umbo kamili la mpini, hivyo fundi anaweza kuchonga umbo lolote analotaka mteja.

Ipi bora kwa mtu anayebeba rivolva ndogo chini ya koti, raba au mbao? Na vipi ile mipini yenye mabonde ya vidole?

Raba hung’ang’ania kitambaa, na koti likishikwa na mpini huinuka na kufichua kilichofichwa. Kwa kubeba, mbao laini au plastiki ngumu hufaa zaidi; kwa uwanja wa mazoezi, raba hurudisha fadhila, hasa kwa rivolva nyepesi kama Smith & Wesson 642, yenye uzito wa takriban gramu 410. Mabonde ya vidole ni mazuri iwapo tu vidole vyako vinalingana na vya aliyeyachora. Vinginevyo matuta yake hukaa juu ya vidole badala ya kati yake. Mimi huchagua mpini usio na mabonde.

Rivolva yangu ya mtindo wa zamani, ambayo nyundo yake huvutwa kwa gumba kabla ya kila risasi, hunichubua fundo la kidole cha kati.

Mpini wa Colt ya mwaka 1873, ambao wengi wameuiga, umepinda ili rivolva ijiviringishe kuelekea juu mkononi badala ya kusukuma moja kwa moja. Ukiubana kwa nguvu zote na kutumia risasi kali, kikingio hurudi na kugonga fundo. Jaribu mpini mpana kidogo upande wa mbele, au risasi za wastani.

Ninatamani vibao vya mpingo kutoka nyumbani Tanzania. Inaruhusiwa?

Mpingo ni mzito hata huzama majini, na ukisuguliwa vizuri hung’aa bila rangi yoyote. Hata hivyo, tangu Januari 2017 karibu jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iko katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo bidhaa ya biashara inayovuka mpaka inaweza kudaiwa kibali. Uliza kabla ya kulipa. Fundi naye avae barakoa, maana vumbi lake huwasha. Pembe ya ndovu, kama zile zilizopamba Colt ya Patton, jenerali wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili, usiifikirie kabisa.

Ninamiliki rivolva kwa leseni, Nairobi. Je, kubadilisha mpini kutaniletea shida wakati wa ukaguzi?

Shida inaweza kutoka mahali usipotarajia: rivolva nyingi za zamani za Smith & Wesson zina namba ya usajili chini ya kitako, na mpini unaofunika kitako huificha. Nenda kwenye ukaguzi na bisibisi inayolingana na skrubu ya mpini. Wakati wa kufungua, legeza skrubu mizunguko michache kisha isukume kwa kidole ili kibao cha upande wa pili kiachie chenyewe. Usikichokonoe kwa ncha ya chuma. Skrubu nyingine ndogo, iliyo mbele ya fremu chini ya mpini, usiiguse, kwa kuwa ndiyo inayokaza springi ya nyundo, na ikilegea risasi inaweza kukataa kuwaka.