Kiendelezi cha Bure ni Amana ya Watu

Wadogo zangu mnaokuja Arusha kwa mafunzo ya vitendo, kila msimu kuna mmoja anayenionyesha kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari kama Chrome au Firefox, alichotengeneza mwenyewe na kuniuliza namna ya kukipandisha dukani. Hilo ni jepesi. Duka la Chrome linataka dola 5, unalipa mara moja tu; Firefox hawadai kitu. Swali gumu linakuja mwaka wa tatu, wakati una kazi ya mshahara, una mtoto wa kupeleka shule, na una kiendelezi ambacho watu wanakitegemea bila kukulipa hata senti. Uendelee kukitunza au ukiache? Nawaeleza yaliyonikuta mimi.

Changu kina kazi ndogo. Kinasoma saa zilizoandikwa Kizungu kwenye barua pepe, kisha kando yake kinaandika saa zetu: 7:00 AM kinaandika saa 1 asubuhi, 2:30 PM kinaandika saa 8 na nusu mchana. Nilikitengeneza kwa ajili ya ofisi za utalii. Mgeni anaandika 7, karani mwenye haraka anamtumia dereva ujumbe wa "saa 7", na gari linafika hotelini mchana wakati mgeni alikuwa mlangoni na begi lake tangu asubuhi. Tofauti ni saa 6, kwa hiyo nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Haikuwa. Mara nyingine mgeni anaandika saa za kwao, na watu wa London na New York wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi, na wao wenyewe hawasogezi siku moja. Machi Marekani wanatangulia, Ulaya wanafuata mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambazo hesabu iliyokuwa sahihi kwa mgeni wa New York inakuwa imepotoka saa nzima, huku ya mgeni wa London ikiwa bado sawa.

Halafu kuna usiku. Mwaka ule wa kwanza, ndege ya mgeni mmoja ilikuwa inatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Jumamosi, 12:40 AM. Kiendelezi changu kikaandika "Jumamosi, saa 6:40 usiku". Kwa hesabu hakikukosea. Mgeni alitua, akasubiri nje ya uwanja, na karani alipompigia dereva alimkuta amelala nyumbani. "Dada, si umeniandikia Jumamosi usiku? Leo ndiyo kwanza Ijumaa inaisha." Dereva alikuwa sahihi. Ukimwambia mtu wa hapa Jumamosi usiku, anajua ni baada ya jua la Jumamosi kuzama. Ilibidi kiandike "usiku wa kuamkia Jumamosi", kama tunavyosema wenyewe. Marekebisho yalikuwa mistari minne ya msimbo wa programu. Lakini yule mama alikaa peke yake gizani, katika nchi asiyoijua, kwa sababu ya kitu nilichokitoa bure, na tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu kwamba kitu cha bure hakidaiwi.

Uamuzi wenyewe ulinifika mwaka 2024. Juni ya mwaka huo Google walianza kuviondoa kwa awamu viendelezi vya mfumo wa zamani, Manifest V2, na mwaka 2025 vikazimwa. Mfumo mpya, Manifest V3, unabadilisha mambo mengi, ila lililoniumiza mimi ni hili: ile sehemu inayofanya kazi nyuma ya pazia haikai macho muda wote tena. Ikikaa sekunde 30 bila shughuli inazimwa, na chochote ulichokiweka kwenye kumbukumbu ya muda kinapotea. Mimi ndimo nilimokuwa nahifadhi majira ya saa ya nchi ya mgeni. Ilibidi niandike upya karibu nusu ya msimbo, usiku, baada ya kazi.

Wengi watakushauri uangalie idadi ya watumiaji. Mimi nilikuwa nao kama 300, na ningekuwa nao 30 nisingeamua tofauti. Nilijiuliza nani ataumia, na kwa njia gani. Kiendelezi kikizimika kabisa, karani ataona saa zetu hazipo, atahesabu kwa vidole kama zamani, maisha yataendelea. Kikibaki hai bila mtu wa kukiangalia, kitakosea Machi moja bila yeyote kujua, na gari litaondoka saa isiyo yake. Kwa hiyo njia ninayoiogopa kuliko zote ni ile inayochaguliwa na wengi: kutokiacha wala kutokitunza.

Kipindi hichohicho nikapata barua kutoka kwa mtu nisiyemjua, akitaka kukinunua. Dola alizotaja zilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Wadogo zangu, hapa tulieni. Sasisho linaingia kwenye kivinjari cha mtu kimyakimya, haulizwi tena ikiwa ruhusa ni zilezile alizokwisha kubali. Mnunuzi anataka nini kwenye kiendelezi kisichoingiza pesa? Anataka ule mlango. Kiendelezi kilichoitwa The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kiliuzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google wakakiondoa kwa sababu kilikuwa na programu hasidi. Changu kilikuwa kinasoma barua pepe za ofisi nzima: nakala za pasipoti, namba za ndege, malipo. Nilimjibu kwa mstari mmoja kwamba hakiuzwi.

Ukiamua kukifunga, fahamu kwamba kukitoa dukani hakukiondoi kwa waliokwisha kukisakinisha. Kwao kinabaki palepale. Toa kwanza sasisho la mwisho linalowaambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba kinafungwa tarehe fulani na kwa nini, punguza ruhusa zote usizozihitaji, wape nafasi ya kutoa data zao, ndipo ukitoe dukani. Na akaunti yako ya duka iendelee kulindwa kwa uthibitishaji wa hatua mbili hata baada ya hapo. Desemba 2024 wezi waliwatumia watengenezaji barua za uongo zinazodai wamevunja kanuni za duka, na kwa njia hiyo wakapandisha toleo chafu la kiendelezi cha kampuni ya Cyberhaven, ambayo kazi yake ni usalama wa data.

Mimi niliamua kuendelea, lakini si na kile cha zamani. Niliondoa kubadilisha fedha, nikaondoa kikumbusho cha safari, vitu nilivyoviongeza kwa sababu mtu mmoja aliomba vizuri. Awali kilikuwa na ruhusa ya kusoma kila tovuti. Sasa kinasoma ukurasa wa barua pepe tu. Wapo waliokasirika, na mmoja alinipa nyota moja. Nilimjibu kwa heshima na sikurudisha kitu. Mwenzangu wa Moshi, niliyesoma naye na ninayemwamini, ana ruhusa ya kupandisha sasisho nikiugua au nikisafiri.

Na nimejiwekea tarehe. Kila Machi na kila Novemba, wiki ambazo Wamarekani wanasogeza saa, nakaa nacho jioni mbili, napitisha mifano yangu yote, ya kwanza ikiwa ile 12:40 AM. Kisha najiuliza kama nina nafasi ya kukitunza hadi tarehe inayofuata. Novemba iliyopita nilisema ndiyo. Siku nitakaposema hapana, ile barua ya kuwaaga watumiaji tayari ipo, niliiandika nikiwa bado nakipenda, na kilichobaki ni kujaza tarehe.