Mtihani mmoja kwa wote, sasa ubaguzi uko wapi?

Mkuu umeuliza kama mtihani ni ule ule, siku ile ile, na msahihishaji hajui hata jina la mtoto, ubaguzi unatoka wapi, si mtoto wa maskini akaze tu? Mi nimefundisha miaka 11 na nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Shule moja niliyokuwepo tulikuwa tunawagawa watoto mikondo, A wa juu hadi D wa chini, kwa mtihani wa kwanza tu. Mwaka huo insha ikawa "Safari yangu ya ndege". Kuna binti akaandika ndege inasimama kila kituo, kondakta anagonga bodi, watu wanashuka na mizigo yao. Lugha tamu, aya zimekaa, nukta na mkato kila kimoja mahali pake. Nikamkata maksi za maudhui nikampa 9 kwa 20, na (aibu yangu hii) nikawasomea wenzangu ofisini tukacheka. Akaangukia D. Aliyepata 17 hakuwa na akili kumzidi, alikuwa ashapanda ndege basi.

Sasa D ndo kule mwalimu mgeni anakotupwa, vitabu wanapata vilivyobaki, na maabara ikibanwa kipindi chao ndo kinafutwa kwanza. Baada ya miaka mitatu unawapima tena, A wako juu, unajipongeza kwamba uliwajua mapema, wakati ni sisi wenyewe tumewafanya wawe hivyo. Tuisheni hata sigusi, mwenye hela anafundishwa mara mbili hilo kila mtu analijua.

Na msidhani ni nchi maskini tu. Ujerumani majimbo mengi yanawatenganisha watoto wakiwa na miaka kama 10 hivi, na matokeo ya PISA (ule mtihani wa kimataifa wa kulinganisha wanafunzi wa miaka 15) ya mwaka 2000 yalipotoka wakashtuka, walikuwa kati ya nchi ambazo hali ya nyumbani ndo inaamua sana maksi za mtoto. Finland wao utaratibu wa namna hiyo walianza kuufuta miaka ya 1970, watoto wakawekwa shule moja miaka 9.

Kuhusu kukaza, yule binti alikaza jamani. Mwaka wa pili akawa anawapita hadi watoto wa B, nikaenda kuomba ahamishwe nikajibiwa A imejaa. Mwezi huo huo akapokelewa A mtoto mgeni, mzazi wake yuko kamati ya shule.