Futa ile sentensi ya "tangu utotoni"

Rasimu yangu ya kwanza ya maelezo binafsi, ya kuomba kusomea udaktari Uingereza, ilianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari ili niisaidie jamii yangu." Dada aliisoma tukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, akanirudishia simu. "Mdogo wangu, hii hata mimi mhasibu ningeiandika."

Iliniuma, maana nilikuwa nimeikeshea. Huku kwetu tumezoea ufaulu: matokeo ya kidato cha sita yakiwa mazuri unaomba vyuo, basi, hakuna anayekuuliza habari zako. Uingereza wanauliza. Maombi ya udaktari yanapitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vya huko, na yanafungwa 15 Oktoba. Maelezo yako hayatakiwi kuzidi herufi 4,000, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. Kuanzia kwa wanaoomba kuanza chuo 2026, yamegawanywa katika maswali 3: kwa nini kozi hii, masomo yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini.

Swali la kwanza ndilo lililonitoa jasho. Niliachana na ndoto, nikaandika kichocho. Nimekulia Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Shuleni tulimezeshwa dawa, jioni ileile tukarudi ziwani kuogelea. Sasa, kama dawa inaua minyoo, mbona mtu anaugua tena? Kwa sababu haikingi maambukizi mapya. Konokono wanaobeba vimelea bado wako majini, na asiye na choo bado anajisaidia ufukweni. Nikaeleza nilivyolifuatilia swali hilo na mahali biolojia ya kidato cha sita iliponiishia. Hapo ndipo msomaji anapokuona ukifikiri.

Kwenye swali la tatu wengi wanajitutumua. Mimi nilijitolea zahanati wiki mbili, kazi yangu kupanga mafaili na kuita majina. Niliandika hivyohivyo, nikaongeza siku muuguzi alipoacha Kiswahili na kumweleza bibi mmoja dozi yake kwa Kisukuma, na nilichojifunza hapo. Usijifanye ulishika kisu cha upasuaji!

Halafu usisifie chuo kimoja, kwani maelezo hayohayo yanakwenda kwenye vyuo vyote ulivyochagua, na vya udaktari haviruhusiwi kuzidi 4. Wala usinakili ya mtu. UCAS wana programu ya kulinganisha maandishi.

Dada alipomaliza kusoma rasimu yangu ya saba hakugusia uandishi kabisa. Aliuliza kama bado naogelea Igombe.