Jibu: Nafasi za kanda ni upendeleo?

Ndugu, umeuliza kama kuzitengea kanda zisizo na wawakilishi nafasi kwenye fainali za mashindano ya michezo ya mikakati mtandaoni ni kuwabeba wachezaji dhaifu. Mimi naona tatizo linaanzia kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo aliye umbali wa kilomita 10,000 kutoka kwenye seva hupoteza angalau milisekunde 100 kwenda na kurudi, hata intaneti yake iwe nzuri vipi. Kwenye michezo ya mikakati ya papo kwa papo, jeshi limeshateketea kabla amri yako haijafika. (Ile ya zamu kwa zamu haiumi sana, nakubali.)

Kwa hiyo mchujo uchezwe kwenye seva ya kanda yao, saa ambazo watu wako macho, na mshindi aende fainali.

Na kanuni za kukatika kwa mtandao ziandikwe mapema! Fainali ya Olimpiadi ya Sataranji Mtandaoni ya 2020, wachezaji wawili wa India walipoteza muunganisho, FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ikaishia kuwapa India na Urusi ubingwa wa pamoja. Mchezaji asiye na shirikisho kubwa nyuma yake angesikilizwa na nani?