Kanisa Tupu Siku za Kazi: Namna ya Kulifanya Kituo cha Mtaa

Pita Jumatano saa tisa alasiri katika mtaa wowote wa Eastlands, Nairobi. Utakuta kanisa kubwa limefungwa kwa kufuli, stima ndani ipo, choo kipo, mabenchi yamepangwa, na hatua ishirini kutoka hapo watoto wanafanyia kazi za shule kwenye ngazi za duka. Kulifungua jengo hilo kwa mtaa ni jambo linalowezekana. Miradi mingi ya aina hii hukwama kwa sababu walioianzisha walikimbilia rangi na simiti, halafu mwezi wa pili wakagundua hakuna aliyewahi kuuliza ufunguo unakaa na nani.

Kwa hiyo tunashauri mpangilio huu: ratiba na ufunguo kwanza, karatasi pili, ujenzi mwisho.

Hesabuni saa

Kanisa huitwa tupu na mtu asiyeshika kalenda yake. Jumanne kuna akina mama, Alhamisi maombi ya mchana, Ijumaa kesha, Jumamosi kwaya asubuhi na harusi alasiri. Msiba ukitokea, mikutano ya matanga hushika ukumbi kuanzia saa kumi na moja jioni, siku nne au tano mfululizo, na hakuna anayepiga simu kuomba nafasi.

Nunueni daftari la kurasa mia mbili, lifungwe kwa kamba mlangoni kwa wiki tano. Kila anayefungua aandike saa ya kuingia, saa ya kutoka, idadi ya watu na vitu walivyotumia. Wiki mbili hazitoshi, kwani vikundi vingi vya kanisa hukutana mara moja kwa mwezi na ndivyo vitakavyowashtukiza baadaye. Mara nyingi saa zinazobaki wazi, mkiondoa vipindi vya akina mama na maombi, ni za Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Anzeni na hizo tu. Anayegusa Ijumaa jioni mwezi wa kwanza anatafuta ugomvi na watu wa kesha, na watamshinda.

Suala la matanga liandikwe kabla halijatokea: msiba unapata ukumbi mkubwa, watoto wanahamia chumba cha shule ya Jumapili, na mwenye zamu anawajulisha wazazi kabla ya saa nane mchana. Bila sentensi hiyo, siku ya kwanza ya msiba mtaonekana watu wasio na utu.

Sasa ufunguo. Seti ziwe tatu: moja kwa mtunza jengo, moja kwa kanisa, moja kwa kituo. Stoo ya vyombo vya muziki iwe na kufuli yake ambayo kituo hakina ufunguo wake kabisa, ili waya wa maikrofoni ukipotea msiwe washukiwa wa kwanza. Na mtunza jengo alipwe kwa saa za ziada. Mzee aliyezoea kufungua mara tatu kwa wiki, akianza kufungua kila siku kwa ahsante, wiki ya tatu atachelewa nusu saa, na wiki ya sita simu yake itakuwa imezimwa. Hapo si uvivu, ni hesabu.

Karatasi

Mchungaji na wazee wa kanisa la mtaa wanaweza kukubali kwa moyo mmoja na sahihi zao zisiwe na uzito. Katika madhehebu mengi makubwa ardhi imeandikishwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, na hao wako makao makuu. Fanyeni upekuzi wa ardhi kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa mwaka 2021 na kuanzia Nairobi, mjue jina lililo kwenye sajili. Makanisa mengine yana barua ya mgao tu kutoka iliyokuwa Halmashauri ya Jiji, mengine yamekaa kwenye hifadhi ya barabara, chini ya nyaya za stima au ukingoni mwa mto. Hilo likijitokeza, msitie hata mfuko mmoja wa simiti. Nunueni meza na rafu zinazohamishika, basi.

Kati ya kanisa na kituo, wekeni makubaliano ya ruhusa ya matumizi: saa zipi, vyumba vipi, nani analipa nini, notisi ya miezi mitatu kwa kila upande. Mkitaka upangaji wa zaidi ya miaka miwili, huo ni mkataba wa kusajiliwa, na wadhamini watataka wakili. Angalieni sana chumba cha pembeni mnachotaka kumkodisha mama wa chai au fundi wa simu. Akiingia kwa mdomo tu bila maandishi, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji, Sura ya 301, humpa ulinzi wa mpangaji wa biashara, na kumtoa ni lazima mpitie kwenye mahakama maalumu ya upangaji. Wazee wa kanisa waliowahi kuonja hilo ndio watakaokataa mradi wenu wote bila kueleza sababu.

Je, mnahitaji kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi? Ibada ikiendelea na shughuli za mtaa zikawa nyongeza, andikieni ofisi ya mipango ya kaunti, mpate jibu la maandishi mnaloweza kumwonyesha askari wa kanjo (wa kaunti) akija kuuliza. Ibada ikikoma na jengo likawa kituo moja kwa moja, mtahitaji ruhusa chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019: mpangaji miji aliyesajiliwa anaandaa maombi, tangazo linawekwa gazetini na kwenye ploti, majirani wanapewa nafasi ya kupinga. Kwa Wakatoliki kuna hatua ya ndani pia. Kanuni ya 1222 ya sheria ya Kanisa humruhusu askofu, baada ya kulisikiliza baraza la mapadre, kuliachia kanisa matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu. Paroko peke yake hawezi.

Kikundi chenu kijisajili kwa idara ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mnahitaji watu kumi, katiba na kumbukumbu za kikao, na cheti ndicho kinachofungua akaunti ya benki. Mambo mawili husahaulika. Bima ya jengo iliandikwa kwa nyumba ya ibada, kwa hiyo kampuni ijulishwe kabla ya siku ya kwanza, la sivyo moto ukitokea dai linaweza kukataliwa. Na msamaha wa kodi ya ardhi ya kaunti unategemea ibada. Mkianza kukodisha ukumbi kwa faida, mtu wa kaunti ana haki ya kuuliza.

Ndani ya jengo

Kanisa limejengwa kwa watu waliokaa wakitazama upande mmoja, wakisikia sauti moja kubwa, wakiimba. Kituo kinataka watu wa meza kumi, kila meza na mazungumzo yake. Tofauti hiyo ndiyo inayozalisha karibu kila tatizo lililobaki.

Mabenchi kwanza. Yaliyofungwa kwa bolti sakafuni, kateni bolti kwa grainda usawa wa sakafu na kuziba tundu. Msizing'oe kwa mtaimbo, mtapasua terazo na kuacha mashimo ya kujikwaa. Chini ya kila mguu pigilieni kipande cha tairi kuukuu chenye upana wa mguu wenyewe, kwa misumari mifupi ambayo vichwa vyake vimezama ndani ya mpira. Benchi litasukumwa na mtu mmoja bila kelele na bila kuchora sakafu. Kisha pigeni rangi alama ndogo sakafuni mahali pa kila benchi, ili Jumamosi jioni yarudi kwenye mistari yake. Asilimia kubwa ya malalamiko ya washirika Jumapili asubuhi ni benchi kukaa upande.

Ukumbi wa mita 12 kwa 20 una mita za mraba 240. Toeni madhabahu na njia, zibaki kama 180. Mtoto mwenye meza anahitaji karibu mita mbili za mraba, kwa hiyo mwisho ni watoto 90, na sisi tungeishia 60.

Mwangwi ndio adui asiyeonekana. Mabati matupu juu, sakafu ngumu chini, kuta za plasta: kwaya inanoga, lakini mwalimu haeleweki, na mvua ya Aprili ikigonga bati anyamaze tu. Dari ya bodi laini chini ya kenchi husaidia pakubwa. Kama hela hazitoshi, tundikeni mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma na mazulia ya mkonge kwenye kuta mbili zinazotazamana, kuanzia usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Trei za mayai achaneni nazo. Hazizuii sauti ya mazungumzo na zinashika moto haraka.

Kabla ya kutoboa chochote juu, tazameni paa. Majengo ya zamani mengi yana mabati ya asbesto, yale mazito ya kijivu yenye mawimbi makubwa. Asbesto nzima isiyoguswa ina hatari ndogo. Ikikatwa au kutobolewa hutoa vumbi linaloua mapafu miaka mingi baadaye. Fundi wa kawaida asiipande. Kuiondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Milango: iwe miwili angalau, ifunguke kwenda nje. Makanisa mengi yana geti la chuma nyuma ya mlango wa mbao, na ndilo linaloogopesha. Zoezeni hivi: geti likishafunguliwa asubuhi, lisukumwe mpaka ukutani na kufuli lake lifungwe hapo hapo kwenye pete ya ukutani, geti likiwa wazi. Hakuna atakayeweza kulifunga na watu wakiwa ndani, na kufuli halipotei.

Kwa ngazi za mlangoni, mteremko wa kiti cha magurudumu hufuata hesabu ya moja kwa kumi na mbili: kila sentimita ya kimo, sentimita kumi na mbili za mteremko. Ngazi zenye kimo cha sentimita 45 zinahitaji mteremko wa mita 5.4. Fundi akiachwa atamwaga wa mita mbili na kuwaambia umependeza. Kiti cha magurudumu kitapinduka nyuma. Nafasi ikiwa finyu, upindeni mteremko mara moja, na pale kwenye kona pawe tambarare mita moja na nusu.

Mwanga wa kusoma ni karibu lumeni 300 kwa kila mita ya mraba. Kwa mfano, eneo la kusomea la mita za mraba 60 linahitaji lumeni 18,000, na kwa kuwa dari ya kanisa ni ya juu na sehemu ya mwanga hupotea, hesabuni 30,000. Hizo ni taa 17 za LED za futi nne, wati 18 kila moja. Zishusheni kwa mnyororo hadi mita tatu kutoka sakafuni. Zote zikiwaka kwa muda wa saa tatu hazimalizi hata yuniti moja ya stima.

Nyaya za kanisa ziliwekwa kwa ajili ya balbu na amplifaya. Kompyuta kumi na birika la chai kwenye soketi ile ile, waya utapata moto ndani ya ukuta bila kuonekana. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati: soketi ziwe na laini yake ya waya wa milimita za mraba 2.5, jikoni laini yake, na kifaa cha kukata stima inapovuja, cha miliampia 30. Wekeni mita ndogo ya ndani kwa upande wa kituo. Hakuna kitu kinachomaliza haraka maneno ya "mnatumalizia tokeni" kama tarakimu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma.

Maji na choo

Choo cha kanisa huhimili umati wa Jumapili moja, kisha hutumika kidogo tu siku sita. Kikitumika kila siku, tangi la maji taka linalonyonywa mara moja kwa mwaka huenda likajaa kila baada ya miezi michache. Liwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo. Kipimo cha shule ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Komeo liwe ndani, na kimoja kiwe na mlango wa sentimita 90 unaofunguka nje.

Maji ya mfereji ni ya mgao, lakini paa ni lenu. Mvua ya milimita 30 kwenye paa la mita za mraba 240, mkiondoa humusi moja (sehemu moja kati ya tano) inayopotea, ni lita 5,760. Mvua moja nzuri inajaza tangi la lita 5,000. Tangi hilo likijaa lina uzito wa tani tano, kwa hiyo msilikalishe juu ya mawe yaliyopangwa.

Madhabahu, majirani na watoto

Pazia zito likate madhabahu na ukumbi siku za kazi. Linawatuliza wazee wa kanisa, na linamrahisishia jirani Mwislamu kuleta mtoto wake. Kwa sababu hiyo hiyo, tumieni mlango wa pembeni kama mlango wa kituo, na masomo yasifunguliwe kwa maombi ya lazima. Kama Pumwani au Kaloleni tayari pana ukumbi wa zamani wa jiji, au maktaba kama za Kaloleni na Makadara, msirudie kilichopo. Tafuteni kilichopungua.

Watoto wasiachwe na mtu mzima mmoja peke yake. Wawe wawili, na mlango wa chumba uwe na kioo. Orodha ya majina na namba za wazazi ikae kwenye kabati lenye kufuli, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu nyinyi pia.

Muziki na vipaza sauti vizimwe kabla ya saa mbili usiku. Kanuni za kelele za 2009 huanza kuhesabu usiku saa hiyo, na kiwango kwa makazi hushuka hadi desibeli 35, ambazo ni karibu na kunong'ona. Mikutano ya siasa ikataliwe kwa maandishi sasa hivi, kabla joto la Agosti 2027 halijapanda. Mkimkataa mheshimiwa mmoja baada ya kumkubali mwenzake, mmeshachagua upande.

Anzeni kwa muhula mmoja wa shule, alasiri tatu kwa wiki. Ratiba iandikwe kwa chaki kwenye ubao mlangoni, msiichapishe. Matanga hayangoji printa.